Barua Uliyowaandikia Waingereza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na muda wote huo nimekuombea dua bila kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nakuandikia, tena hadharani, mahali ambapo kila mtu atasoma. Usinikunjie uso. Mambo yako ya Waingereza uliyasema hadharani miaka yote, mlango wa duka ukiwa wazi, redio ikiwa juu, mteja akiwa amesimama kwenye kigoda anapimwa suruali na hana pa kukimbilia. Basi na majibu yangu yatakuwa ya wazi vilevile. Nina hasira, baba. Nyingi ni juu yao, kidogo ni juu yako, na nyingine ni juu yangu mwenyewe.

Kwa wasiokujua, wewe ulikuwa fundi cherehani kutoka Tanga, mwana wa mkata mkonge, uliyekuja Johannesburg na mke na mabinti wawili mara tu nchi hii ilipofunguka. Ungeweza kupanga duka popote. Ukachagua Kensington, upande wa mashariki wa jiji, kwa sababu ya jina. Mtaa umepewa jina la mtaa wa London, na barabara zake zina majina ya majenerali wa Kiingereza waliokuja kupigana na Makaburu, wakachoma mashamba yao na kuwafungia wake na watoto wao makambini. Wewe hayo ya makambini hukuyataka. Ukiandika barua kwenda Tanga, neno Kensington uliliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. "Nimefika London bila kupanda meli," ulikuwa ukisema, na mama, Mungu amrehemu, alikuwa akikujibu kwamba London yako ina panya wengi.

Nakumbuka alasiri za utotoni nikifanya kazi za shule chini ya meza yako ya kukatia, vipande vya kitambaa vikinidondokea kichwani, nawe ukinisimulia siku Malkia alipotawazwa. Ulikuwa mtoto wa miaka minane. Mlipangwa mstari juani, kila mmoja na kibendera cha karatasi, mkaimba wimbo ambao hamkuelewa hata neno moja, kisha mkapewa biskuti na kikombe cha bati chenye picha yake. Hukuwahi kuwa na kikombe chako peke yako kabla ya hapo. Ulilala nacho. Na mara nyingine, ukicheka vilevile, ulinisimulia jinsi ulivyovishwa kibao shingoni siku nzima kwa kosa la kuongea Kidigo shuleni. Nilikuuliza kama hukukasirika.

"Nikasirike nini? Walikuwa wanataka nijue," ulisema, ukaendelea kupiga pasi.

Hapo nilikuwa na miaka kumi na nikaamini. Sasa nina arobaini na kitu, na nashindwa kuelewa jinsi kikombe na kibao vilivyoweza kukaa katika kifua kimoja bila kugombana.

Babu hakuwa hivyo, nawe ndiye uliyetuhadithia. Alikuwa mdogo bado wakati Wajerumani wanatawala Tanga, na aliishuhudia vita ya Wazungu ilipofika pale kwetu, watu weusi na Wahindi wakiuawa kwa ugomvi usiowahusu. Kisha Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia. Babu alikuwa akisema kwamba mkonge ulibadilisha mwenyewe, lakini panga lilikuwa lilelile na mgongo ulikuwa uleule. Ukimaliza kusimulia hilo ulikuwa unacheka na kusema mzee hakusoma. Mimi nakwambia leo, alisoma kuliko sisi sote. Watu wa Ulaya wamegombana na kupatana wao kwa wao tangu enzi, na kila walipogombana au kupatana, kuna mtu Tanga aliyelipia.

Basi tuje kwenye kura.

Ulikuwa mwaka ule Waingereza walipojiuliza kama wabaki katika Umoja wa Ulaya au watoke. Duka zima lilihamia Uingereza. Redio haikuzimwa. Mama Furaha, msusi wa Kikongo uliyempangisha nusu ya duka, alikuwa anasuka nywele huku wewe ukimhutubia yeye na mteja wake na dirisha. Uliwaeleza kwamba Mwingereza alikosea njia alipokwenda kujiunga na Wafaransa na Wajerumani, maadui zake wa jadi, akatuacha sisi jamaa zake wa Jumuiya ya Madola. Sasa ametambua kosa. Atatoka kule na kurudi nyumbani. "Akifunga mlango wa Ulaya atafungua wa kwetu. Damu nzito kuliko maji."

Mama Furaha aling'ata kitana, akakutazama kwenye kioo.

"Mzee, bale bazungu banakudanganya kabisa. Babeleji nabo balitutawala, lakini miye sijabaita famille hata siku moja."

"Kwa sababu Wabelgiji hawakuwa na adabu," ukamjibu.

"Eish, Mzee! Na bale bazungu bako, adabu yabo iko wapi?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sikujua kwamba ulikuwa umeshapanga kupiga simu.

Nuru, dada yangu mkubwa, alikuwa Birmingham wakati huo, muuguzi, na pasi yake ya kusafiria ilikuwa ya Tanzania. Na hapa ndipo ilipo ile ajabu ambayo watu wengi nikiwaambia hawaamini. Mtanzania anayeishi kihalali Uingereza aliruhusiwa kupiga kura ile. Mkenya aliruhusiwa, Mhindi aliruhusiwa, kwa kuwa nchi zao zilikuwa chini ya bendera ya Mwingereza. Lakini Marek, dereva wa basi kutoka Poland, mchumba wa Nuru, aliyekuwa amekaa kule miaka kumi na zaidi, na ambaye kura ile ilikuwa inaamua maisha yake mwenyewe, hakuruhusiwa. Yaani mambo ya ukoloni wa zamani yalimpa dada yangu karatasi ya kuamua hatima ya mchumba wake, na mchumba akaambiwa asubiri nje. Nionyesheni nchi nyingine yenye kichekesho kama hicho.

Ulimpigia Nuru simu mbele yangu. Hukumwomba. Ulimwambia kama baba anavyomwambia binti: "Mwanangu, pigia kura kutoka. Ni kwa faida yetu sote. Nasi tutakuja kukuona kama watu wanavyokwenda kuonana na ndugu." Nuru alisema, "Baba, na Marek?" Ukamwambia Marek ni kijana mzuri, atapata njia, Mungu hamtupi mja wake.

Nuru alitii. Kwetu binti hampingi baba kwenye simu, na akishasema ndiyo hageuki. Alitii akiwa analia, akapiga kura ya kumtoa mlangoni mwanamume ambaye alikuwa anampikia uji akitoka zamu. Alimwambia Marek ukweli jioni ileile, kwa kuwa Nuru hawezi uongo. Walikaa wiki kadhaa wakipishana ndani ya nyumba kama wapangaji. Wenzake Marek wa Poland walianza kufunga mizigo mmoja mmoja. Siku moja abiria alimwuliza Marek anarudi kwao lini, naye Marek akiwa ameshika usukani anampeleka abiria huyo nyumbani kwake.

Wakasameheana, alhamdulillahi. Miaka miwili mitatu baadaye Marek akasilimu, akaitwa Mustafa, ingawa sisi sote tuliendelea kumwita Marek, na nikahi ikapangwa. Nuru alitaka kitu kimoja tu. Alitaka baba yake awepo. Si kwa sababu ya sheria peke yake, ingawa sheria inasema walii wa binti, mwenye kumwozesha, ni baba. Alitaka Marek akuone, na wewe umwone Marek, na lile jambo la kura lifutwe kwa mkono kugusa mkono.

Ukasema unakuja. Nilikuona ukijikatia suti ya kijivu. Kisha siku kumi na nne kabla ya harusi ukatuita mimi na Mama Furaha, ukakaa juu ya kigoda, ukasema goti limekusumbua, daktari amekukataza ndege, utamwozesha Nuru kwa uwakala. Hukututazama machoni. Nilidhani ni aibu ya uzee.

Siku ya nikahi ulivaa kanzu na koti. Walikuja mashahidi wawili kutoka msikitini, Mama Furaha akazima mashine yake ya kukaushia nywele, simu ikawekwa juu ya meza ya kukatia, spika wazi. Imamu wa Birmingham akakuuliza kama unamwakilisha amwozeshe binti yako. Ulijibu kwa sauti ya kukwaruza, ukatamka jina lake na la Marek na mahari. Ulisimama muda wote ule, baba, zaidi ya nusu saa, umeegemea ngumi zako mezani, na hakuna hata mara moja ulipolipapasa goti. Mimi mwanao nililiona hilo na sikulifikiria. Simu ilipokatika ulikwenda uani na hukurudi mpaka tulipofunga duka.

Nuru hakulisamehe goti. Alinipigia akaniambia hivi, na sijasahau hata neno: "Nilimpa kura yangu, nikamkosea mume wangu kwa ajili yake. Yeye ameshindwa kunipa siku moja. Mwambie aseme kweli kwamba hamtaki Mpolandi." Sikukwambia. Mjukuu wako alipozaliwa ukasema tena goti. Alipoanza shule ukasema presha. Nuru akaacha kupiga simu isipokuwa Idi. Ulipofariki nilimpigia asubuhi mapema, akasema, "Mzikeni. Sikuwa na baba wa kuja kwangu, sina sababu ya kwenda kwake." Nikamtukana. Hatujasemeshana mwaka mzima na ushei.

Mwezi uliopita mwenye jengo alitaka nusu yako ya duka. Mama Furaha akanisaidia kufungasha. Zile karatasi zako za kukatia suti, kila mteja na bahasha yake na jina lake juu, nilitaka kuzitupa. Nikaona bahasha yenye jina lako mwenyewe. Nikaifungua nione ile suti ya kijivu uliipima vipi. Ndani hamkuwa na vipimo. Mlikuwa na barua tatu za kukataliwa viza ya Uingereza.

Tatu, baba. Ya kwanza ina tarehe ya wiki mbili kabla ya harusi ya Nuru. Ya pili ni ya kipindi mtoto alipozaliwa. Ya tatu ni ya miezi michache kabla hujatutoka.

Nilikaa sakafuni. Mama Furaha akaja, akazitazama, hajui Kiingereza cha ofisi lakini aliielewa nembo. "Ju ya nini hakutuambia?" akauliza.

Kazi yangu ni nini, baba? Wasomaji hawajui, nitawaambia. Nafanya kazi Randburg, kwenye ofisi ya wakala wa safari, na kila siku ya Mungu najaza fomu za viza za watu wengine. Nazijua zile barua za kukataa kama ninavyoijua Fatiha. Najua ni sentensi gani humwangusha mtu na ni karatasi gani humwokoa. Ulikuwa na mganga nyumbani mwako, ukaenda kujiganga gizani. Ulijua ningejua. Hukutaka nijue kwamba wale jamaa zako wamekukataa.

Na zile safari zako za Sandton, mtaa wa matajiri! Mara tatu katika miaka ile ulivaa vizuri asubuhi, ukajipaka manukato, ukapanda treni ya kasi, ukasema unakwenda kumpima mteja mkubwa wa benki. Mimi na Mama Furaha tukakutania. Tukasema Mzee amepata bibi Sandton, tena bibi wa ghorofani. Nawe ukatuachia tuseme, ukatabasamu, ukatengeneza kola. Ulikuwa unakwenda ofisi ya viza kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, mzee wa miaka sabini na kitu, peke yako katika foleni, nami nikikucheka kwamba una hawara. Hii ndiyo hasira niliyo nayo juu yangu, na haijapungua.

Nyuma ya barua ya kwanza nilikuta nakala ya ombi lako. Ulizoea kuweka nakala ya kila kitu. Uliandika kwa mkono wako, Kiingereza chako kile cha shule, herufi zimelala upande mmoja kama zimepigwa pasi. Uliwaambia ulizaliwa chini ya bendera yao. Uliwaambia kuhusu biskuti na kikombe. Ukaandika, nanukuu wewe na si mwingine, kwamba tangu utotoni umeihesabu Uingereza kuwa nyumbani kwako kwa pili, na kwamba kwenda kwako huko kutakuwa ni kurudi kwenu.

Baba! Baba yangu mzuri, mjinga!

Anayeomba viza ya matembezi huulizwa jambo moja tu, hata lizungushwe vipi: utaondoka? Unatakiwa uonyeshe kwamba una kwenu kwingine na unakupenda zaidi. Wateja wangu huwaambia wana ng'ombe, wana mke mgonjwa, wana kiwanja. Wewe ukawaambia kule ndiko kwenu. Na yule ofisa, ambaye pengine hakujua Tanga iko wapi, aliichukua sentensi ileile, akaiweka katika barua yake ya kukukataa. Kwa kuwa mwombaji anaihesabu Uingereza kuwa nyumbani kwake, yeye ofisa hajaridhika kwamba mwombaji ataondoka. Walikufundisha mapenzi ukiwa na miaka minane, ulipoyaonyesha ukiwa na sabini na kitu wakayafanya ushahidi wa kukufungia mlango.

Na hukujifunza! Katika ombi la pili, ambalo nalo uliweka nakala, uliongeza. Ulidhani hukueleza vya kutosha. Ukawakumbusha kwamba binti yako aliwapigia kura ya kutoka Ulaya kwa agizo lako, ukadhani watakushukuru.

Nimeisoma mara nyingi sehemu hiyo na kila mara natamani niende nikampige mtu.

Wakati huohuo jirani yetu Mzee Tavares, yule Mreno wa duka la mikate, alikuwa anakwenda London kumwona mjukuu wake. Unakumbuka? Mwingereza alikuwa ameshatoka Ulaya kwa kelele zote zile, mlango umeshafungwa, ndivyo tulivyoambiwa. Tavares akatia pasi yake ya Ureno mfukoni, akapanda ndege, akaingia kutembea bila kuomba viza. Mlango uliofungiwa Wazungu wale ulibaki na ufa wa kupita mtu. Wa kwetu haukufunguliwa hata huo ufa. Alirudi na kopo la majani ya chai lenye picha ya kasri, akakuletea zawadi, kwa sababu alijua unawapenda Waingereza. Ukamshukuru sana. Mama Furaha alilitumia kuwekea pini za nywele.

Sasa niseme lililo kifuani mwangu kuhusu hawa jamaa zako.

Mwingereza hakwenda Ulaya kwa mapenzi. Alikwenda makoloni yalipomwishia. Akabisha hodi, akakataliwa, akabisha tena, akakataliwa tena, mpaka akafunguliwa. Alipoingia alikuta watu wamekaa kuzunguka sinia moja, kila mmoja anakula upande wake. Yeye alizoea kupakuliwa peke yake, na wengine wasimame wampepee. Hakuipenda sinia ile hata siku moja. Kila mwaka alinung'unika, na watu wa Ulaya walidhani anagombania chakula. Alikuwa anakumbuka upepeo.

Ndiyo maana alipotaka kutoka alisema maneno ambayo mimi, mjukuu wa mkata mkonge, niliyasikia redioni nikaangusha sahani. Baadhi yao walisema Ulaya imewafanya koloni. Koloni! Watu waliokaa kwenye bunge la Ulaya na kupiga kura, waliokuwa na sauti juu ya kila sheria, walijiita watawaliwa. Nani alimvisha mmoja wao kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama yake? Nani alimpa babu yao kipande cha kazi, kadi ya kuhesabia siku, na kumwambia siku thelathini zisipotimia hakuna mshahara? Walitutawala sisi, wakajifunza neno hilo kwetu, kisha wakalivaa wao na kulia nalo. Na wewe baba ulikaa pale na chaki yako sikioni ukaitikia kwa kichwa.

Alipoingia Ulaya hakutuaga vizuri. Alipotaka kutoka ndipo akakumbuka kwamba ana jamaa. Alitutaja kwenye hotuba, akatutaja mbele ya watu kama Nuru ili wampe kura, kwamba wakizuiwa wa Poland watakuja wajomba zenu. Wengine waliamini, si wewe peke yako. Nimekutana nao ofisini, Wakenya, Wahindi, watu wa hapahapa, wazee wenye tai wakinishikia barua za kukataliwa na kuniuliza kama kuna makosa. Mtumai cha ndugu hufa maskini, na huyu hata ndugu hakuwa.

Sikuchukii, baba. Nimejaribu na nimeshindwa. Nakumbuka siku Malkia alipofariki, sote tukijua utafunga duka na kuvaa nyeusi. Mama Furaha alishaandaa maneno ya kukutania. Ulifika saa mbili kama kawaida, ukawasha pasi, ukamaliza suruali za watu. Redio hukuiwasha. Nikakupa pole, ukasema, "Pole ya nini? Kila nafsi itaonja mauti." Nilidhani ni dini. Kumbe ulikuwa na barua mbili kwenye bahasha. Wakati huo ulikuwa umeshajua na ulikuwa unajua peke yako, na ukaona ni afadhali binti yako akuchukie kuliko akuone umedanganyika. Hapo ndipo hasira yangu juu yako ilipo. Wale walikunyima viza, lakini Nuru wewe ndiye uliyemnyima ukweli, kwa kiburi. Ungemwambia sentensi moja tu angelia siku moja, yakaisha.

Kwa hiyo nimeivunja siri yako. Nakuomba radhi, na ningefanya tena.

Jumapili iliyopita nilimpigia Nuru. Aliitikia kwa sababu alidhani nimekosea namba. Nikamwambia asikate, nina barua za kumsomea. Nikaanza na tarehe ya kwanza. Akaniambia, "Ngoja." Nikasikia droo ikivutwa, nadhani alikwenda kuitafuta karatasi ya nikahi alinganishe. Aliporudi sauti yake haikuwa ile. "Wiki mbili," alisema. "Wiki mbili kabla. Kwa hiyo goti..." Nikamwambia hakukuwa na goti lolote.

Alitukana, baba. Nuru wetu mpole alitukana kwa Kiswahili na Kiingereza na kwa Kipolandi alichofundishwa na mumewe, na sikumzuia. Aliwatukana wao, akakutukana wewe kidogo, akajitukana mwenyewe kwa neno alilosema siku ya mazishi. Kisha akaniambia wanakuja, yeye na Marek na mtoto, shule zikifungwa. Mtoto ana pasi ya Uingereza. Hapa kwetu atashuka uwanjani, atagongewa muhuri, na hakuna atakayemwuliza kama ana nia ya kuondoka. Nilimwambia Nuru hivyo, akasema anataka kusikia ile barua ya ombi uliyoandika wewe, siyo zao.

Nikamsomea yote. Kikombe, bendera, nyumbani kwa pili. Alikuwa anaguna tu. Nikafika chini, mahali pa kueleza sababu ya safari, ambapo wateja wangu wote huandika neno moja, matembezi. Wewe ulijaza mpaka ukaishiwa nafasi, ukapanda pembeni ya karatasi. Uliandika: "Ninakuja kuushika mkono wa binti yangu Nuru na kuuweka katika mkono wa mume wake, kwa sababu hii si kazi ambayo baba humwagiza mtu."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Tena."

Mara ya nne Marek akamchukulia simu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Shemeji, tosha. Amesikia."

Amesikia, baba. Lala salama.

Kitinda mimba wako